Ndege Aliyepewa Jina la Mama

Mama yeyote aliyepata kufua kaptura za mtoto wa kiume anajua kwamba kabla ya kuziloweka ni lazima kwanza kupekua mifuko. Humo utakuta gololi, kifuniko cha soda, kokoto tatu, ganda la konokono, na mara nyingine kitu ambacho usingependa kukishika kwa mkono mtupu. Wengi wetu hukung'uta vyote hivyo nje huku tukinung'unika, na mtoto akija kuuliza tunamjibu kwamba nyumba si jalala.

Leo tunataka kuwasimulieni habari za mama wa mwanasayansi mmoja wa New Zealand, ile nchi ya visiwa iliyo mbali kule kusini mwa dunia. Jina lake ni Beatrice, lakini kwa mkato aliitwa Bice. Mwanawe, Alan Tennyson, alipenda tangu zamani mambo ya wanyama na viumbe, na mama yake alimtia moyo. Mtoto huyo akakua, akasoma, akawa mtaalamu wa ndege na wanyama wa kale katika makumbusho ya taifa yaitwayo Te Papa, mjini Wellington. Kisha mwaka 2017 yeye na wenzake walipomtangazia ulimwengu ndege mpya wa baharini ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona akiwa hai, walimpa jina la mama huyo. Ndege huyo anaitwa Kumimanu biceae, na maana ya neno lile la pili ni "wa Bice".

Tulipolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza tulidhani ni hesabu. Kumi nini? Lakini si Kiswahili, ni Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand. Katika hadithi zao za kale kumi ni dude kubwa la kutisha, namna ya zimwi, na manu ni ndege. Kwa hiyo Kumimanu ni ndege-zimwi. Ukiunganisha majina yote mawili unapata "ndege-zimwi wa Bice". Sijui ni mama yupi kati yetu angefurahi kuitiwa zimwi! Lakini subirini kwanza tuwaeleze huyo ndege alikuwa nani.

Jiwe la pwani ya Hampden

Katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, kwenye mkoa wa Otago, kuna pwani iitwayo Hampden. Si mbali na hapo yapo mawe makubwa ya mviringo ya Moeraki ambayo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuyapiga picha. Mwaka 2004 Tennyson na wenzake walikuta katika pwani hiyo jiwe lenye mifupa ndani yake. Haikuwa mifupa ya juzi. Ilikuwa visukuku, yaani mabaki ya kiumbe aliyekufa zamani mno, akafunikwa na matope ya chini ya bahari, matope yakawa jiwe, na mifupa nayo ikawa sehemu ya jiwe hilo hilo.

Sasa hapa ndipo panapohitaji subira. Mfupa ulio ndani ya jiwe hauchomolewi kama punje ya hindi kwenye gunzi. Fundi hukaa na vifaa vidogo, akapunguza jiwe kidogo kidogo, siku baada ya siku, akiogopa kwamba akikosea mara moja tu atavunja kitu ambacho hakina badala yake. Mafundi wa namna hiyo ni wachache na mawe yanayowangoja ni mengi. Kwa hiyo jiwe la Hampden liliwekwa katika makumbusho, likakaa zaidi ya miaka kumi. (Tazama, kumi tena!) Lilipoanza kufanyiwa kazi, wataalamu walidhani kwamba ni kasa. Mifupa ilikuwa mikubwa kupita kiasi kwa ndege. Mpaka fundi alipofika kwenye mfupa wa bega ndipo walipotambua kwamba siye kasa hata kidogo, bali ni pengwini.

Pengwini, kwa wale ambao hawajapata kumwona hata katika picha, ni ndege wa baharini asiyeruka. Mabawa yake yamekuwa kama makafi ya kuogelea. Nchi kavu hutembea wima akiyumba-yumba kama mtoto anayejifunza kwenda dede, lakini majini hakuna wa kumshika. Wengi wa wanaojulikana zaidi wana mgongo mweusi na kifua cheupe, hata katuni za watoto huwachora kama mabwana waliovaa suti.

Mzito kama gunia la mahindi

Pengwini mkubwa kuliko wote walio hai leo ni yule wa nchi ya barafu, Antaktika. Akisimama humfikia mtu mzima kiunoni au zaidi kidogo, na uzito wake huwa baina ya kilo 22 na 45. Huyo wa Bice wataalamu walimkadiria kwa kupima mifupa yake, hasa mfupa wa paja, wakapata urefu wa mwili wa mita 1.77 na uzito wa kilo 101. Hebu fikirini. Urefu huo unawapita wengi wetu tunaoandika gazeti hili, na uzito ni wa gunia la mahindi lililoshindiliwa. Ndege wa namna hiyo akisimama mlangoni pako, utamkaribisha kiti.

Wala hakuwa wa mwisho kwa ukubwa. Mwaka 2023 wataalamu, Tennyson akiwa miongoni mwao, walitangaza ndugu yake mkubwa zaidi kutoka pwani hiyo hiyo ya Otago, ambaye uzito wake ulikadiriwa kufika kilo 150 na zaidi. Huyu alipewa jina la Kumimanu fordycei, kwa heshima ya Profesa Ewan Fordyce wa Chuo Kikuu cha Otago, ambaye alifundisha kizazi kizima cha wachunguzi wa visukuku. Profesa huyo alifariki mwaka huo huo wa 2023, na ni jambo jema kwamba heshima hiyo ilimfikia angali hai. Sisi Waafrika tunajua jinsi tulivyo hodari wa kumsifu mtu akiwa ndani ya jeneza.

Kwa nini pengwini wale walikuwa wakubwa hivyo? Wataalamu wanaeleza kwamba zamani hizo wale wanyama wakali wa baharini walioishi zama za madinosaria walikuwa wamekwisha toweka, na nyangumi na sili walikuwa bado hawajatokea. Bahari ilikuwa kama shamba lisilo na mwenyewe. Ndege waliokuwa wakiruka waliingia majini wakafuata samaki, na kwa kuwa hawakuhitaji tena kuruka, hawakuhitaji tena kuwa wepesi. Mwili mkubwa hutunza joto majini, huzama kina zaidi, na hukamata samaki wakubwa. Baadaye sana sili na nyangumi walipokuja kugombea chakula kile kile, huenda ndipo pengwini wakubwa walipokwisha. Jambo jingine la kushangaza ni kwamba hawakuishi kwenye barafu. Siku zile bahari ya New Zealand ilikuwa na joto. Hata leo wapo pengwini wanaoishi kwenye mstari wa Ikweta, katika visiwa vya Galápagos, na wengine wapo hapa hapa Afrika, kwenye pwani za Namibia na Afrika Kusini. Hao wa kwetu wako taabani. Mwaka 2024 waliandikwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, maana wamebaki jozi zisizofika 10,000 zinazozaa, na dagaa wanaowategemea wamepungua baharini.

Kabla hatujaondoka kwa pengwini, tunaomba akina mama wamwite baba watoto asome sehemu hii. Pengwini mkubwa wa Antaktika jike hutaga yai moja tu, akampa dume, kisha yeye akaenda zake baharini kula. Dume huliweka yai juu ya miguu yake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo, akasimama nalo katika baridi ya kuua kwa siku zipatazo 64. Ukihesabu na siku za posa zilizotangulia, anakuwa amekaa zaidi ya miezi mitatu bila kutia kitu kinywani. Na halalamiki kwamba chakula kimechelewa.

Jinsi jina linavyotolewa

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Adamu aliletewa wanyama ili awape majina. Kazi hiyo haijaisha mpaka leo, ila sasa ina taratibu zake. Aliyeziweka ni Carl Linnaeus wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1707, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Kwa upande wa wanyama, kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo. Kila kiumbe hupewa majina mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe, kama vile sisi tunavyokuwa na jina la ubini na jina la ubatizo, ila yamepangwa kinyume. Kwa mfano sisi binadamu wote, weusi kwa weupe, tunaitwa Homo sapiens.

Anayetaka kutoa jina jipya hana budi kuandika kwa urefu ni vipi kiumbe chake kinatofautiana na vingine vyote, kupima kila mfupa, kutaja kilikopatikana, na kuutaja mfupa au fuvu litakalokuwa kielelezo cha daima, ambalo huwekwa katika makumbusho ili mtu mwingine aje alikague. Baada ya hapo maandishi yanapitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa. Jina likishachapwa, limekwishawekwa. Likiwa la heshima kwa mwanamume, kwa desturi ya Kilatini huishia na -i, kama huyo fordycei. Likiwa la mwanamke, huishia na -ae. Kwa muda mrefu, tukubali tu, majina mengi ya heshima yalikwenda kwa wanaume: maprofesa, mabwana wakubwa, hata majenerali. Ndiyo maana zile herufi mbili mwishoni mwa jina la Bice zilitugusa. Hakuwa na maabara wala hakuchimba jiwe lile. Alimlea aliyelichimba.

Katika Biblia mara nyingi mama ndiye anayempa mtoto jina. Hana alimwita mwanawe Samweli. Hapa mambo yaligeuka, mtoto akalichukua jina la mama akaliweka mahali ambapo halitafutika.

Tennyson huyo huyo, akiwa na mwenzake Rodrigo Salvador, alitoa jina jingine la namna hiyo mwaka 2023. Safari hii ndege alikuwa wa jamii ya ndege wakubwa wa bahari za kusini wanaoruka mbali na kula mizoga, na umri wa visukuku vyake ni kama miaka milioni tatu. Fuvu na kipande cha mfupa wa bawa viliokotwa katika pwani ya Taranaki, Kisiwa cha Kaskazini, na mtu ambaye si mwanasayansi wa kulipwa, bali mpenzi tu wa kutafuta visukuku, naye akavitoa kwa makumbusho bila malipo. Mtu huyo alikuwa amefiwa na mwenzi wake, aliyeitwa Tina. Ndege akaitwa Macronectes tinae. Tumefikiri sana juu ya jambo hili, sisi ambao tumeona wajane wa kike na wa kiume wakitafuta namna ya kumkumbuka aliyekwenda. Wengine hujenga kaburi la marumaru. Huyu alileta fuvu la ndege.

Nasi wa Afrika Mashariki tunalo la kusema katika habari hii ya majina. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya madinosaria huko Tendaguru, Lindi. Waliochimba kwa majembe na waliobeba mizigo kichwani mpaka bandarini walikuwa watu wa kwetu, mamia kwa mamia, na mifupa mingi iko Berlin hadi leo. Dinosaria mmoja wa huko alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa vita. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, ilibidi angoje mpaka mwaka 2007 ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja! Hata hivyo siku hizi lugha yetu nayo inatumika. Yuko mnyama wa kale wa kusini mwa Tanzania aitwaye Asilisaurus kongwe, aliyetajwa mwaka 2010, na yuko mla nyama mkubwa ajabu wa Kenya ambaye mifupa yake ilikaa kwenye droo katika makumbusho ya Nairobi kwa miongo kadhaa, mpaka ilipochunguzwa upya na mwaka 2019 akaitwa Simbakubwa kutokaafrika. Hilo hatuna haja ya kulitafsiri.

Watoto wa Kawhia

Tusidhani kwamba vitu hivi huonwa na wenye digrii peke yao. Mwezi Januari 2006 kikundi cha watoto wa klabu ya wapenda viumbe kutoka mji wa Hamilton, New Zealand, walikwenda matembezi ya kutafuta visukuku katika ghuba ya Kawhia, wakiwa na watu wazima wa kuwaangalia. Bahari ilikuwa imekupwa. Ndani ya mwamba, mahali ambapo watu walikuwa wakipita siku zote, wakaona mifupa. Watoto hao walikuwa wa umri ule ule wa wetu tunaowatuma dukani kununua chumvi.

Mifupa ilitolewa kwa uangalifu, na baadaye klabu ikaikabidhi kwa makumbusho ya Waikato. Ilikuwa ya pengwini mwingine wa kale, na mwili wake ulikuwa karibu kamili, jambo ambalo ni nadra sana. Mwaka 2021 alitangazwa kwa jina la Kairuku waewaeroa. Neno lile la pili ni Kimaori pia, maana yake miguu mirefu, kwa sababu alikuwa na miguu mirefu kuliko wenzake, na akisimama alifika kama mita 1.4. Wale watoto walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Miaka kumi na mitano ilipita baina ya matembezi yale na jina. Lakini waliokuwapo siku ile wanaweza kusema kwamba wao ndio walioona kwanza.

Tumejiuliza: ingekuwa ni watoto wetu, wangetuambia? Mtoto hutuletea kitu mara ya kwanza, tukamkemea. Hukileta mara ya pili, tukakitupa. Mara ya tatu haleti tena, nasi tunajisifu kwamba sasa ametulia.

Na ile miaka milioni?

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watasita hapa. Kumimanu wa Bice anakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 55 na 60. Wataalamu hawaoti namba hizi. Wanaangalia tabaka la mwamba lenye mifupa, wanatafuta ndani yake mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini ambavyo mpangilio wake unajulikana duniani kote, na wanalinganisha. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alituambia wazi kwamba haoni jinsi ya kupatanisha mambo hayo na siku sita za uumbaji, na kwamba anaogopa mwanawe akisoma sana habari hizi ataacha kanisa.

Hofu hiyo hatuidharau. Lakini tungependa wasomaji wamfahamu Nicolaus Steno. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, akawa daktari mpasuaji hodari. Mwaka 1666, akiwa Florence, aliletewa kichwa cha papa mkubwa. Alipoyachunguza meno yake aliona kwamba yanafanana kabisa na vijiwe ambavyo watu walikuwa wakiviokota milimani na kuviita ndimi za nyoka zilizogeuka mawe. Akaeleza kwamba si ndimi, ni meno ya papa wa kale, na kwamba mahali yanapopatikana palikuwa bahari. Akaeleza pia jinsi matabaka ya ardhi yanavyotandazwa moja juu ya jingine, la chini likiwa la zamani zaidi. Wachunguzi wa miamba mpaka leo huanza masomo yao kwa kanuni hiyo. Je, mtu huyu aliacha imani? La hasha. Aliupokea Upadri mwaka 1675, akawekwa kuwa askofu mwaka 1677, akaishi kwa ufukara mkubwa akiwahudumia maskini, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Kwa maoni yetu, mtoto anayeuliza "mama, jiwe hili lina miaka mingapi?" hajafanya kosa lolote, na jibu la kweli linaweza kuwa "sijui mwanangu, tumwulize mwalimu". Kinachomfukuza mtoto kanisani mara nyingi si jiwe. Ni kuona kwamba nyumbani swali lake halina pa kukaa.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni nzito zaidi katika mitaa yetu. Mfupa ndani ya nyumba. Jirani akiuona atasema nini? Hapa inatubidi tukiri jambo. Mmoja wetu tunaoandika makala hii alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa, wakiishi kijijini karibu na korongo ambalo kila masika maji yalilichimba upya. Siku moja mtoto alirudi na kipande kizito cha taya, cheusi, kina meno, kimegeuka kama jiwe. Alikificha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda, pamoja na manyoya ya kanga na maganda ya kobe. Mama alipolikuta boksi alitetemeka. Mwaka ule bibi mmoja wa kijijini alikuwa amefukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na watu walikuwa wakitazamana kwa macho mabaya. Alisubiri giza, akaenda akalitumbukiza boksi lote katika shimo la choo. Mtoto aliporudi shuleni akaambiwa kwamba panya wamelila.

Huenda ulikuwa mfupa wa ng'ombe tu. Huenda haukuwa wa ng'ombe. Hakuna wa kutuambia sasa, na choo chenyewe kilishafukiwa. Kama mtoto wako akileta mfupa wa namna ile leo, usiupasue wala usiuoshe kwa sabuni. Mwambie akuonyeshe alipouokota, paacheni hapo jinsi palivyo, na mtoe taarifa shuleni au kwa ofisi ya serikali iliyo karibu ili ifike kwa watu wa makumbusho. Kwa mujibu wa sheria zetu vitu hivi ni mali ya taifa, haviuzwi. Na kwa ajili ya jirani, mweleze jirani mapema kabla hajajieleza mwenyewe.

Tulipokuwa tukiandaa habari hii ya Bice, mwenzetu huyo alimpigia simu mwanawe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, akamweleza ukweli kuhusu lile boksi. Kwa kitambo hakusikia kitu upande wa pili. Kisha akajibiwa: "Lilikuwa na meno matatu, mama. La nne lilikuwa limevunjika."